Kihenge Kilichokaa Kimefungwa

Mabinti wa kikundi cha mifuko, salamu zenu zimefika, na nimeitikia marahaba kwa kila mmoja aliyezituma. Mlisema niwaandikie kazi yangu ilivyokuwa, kwa sababu ninyi ndio mmeirithi. Sikuelewa mara moja. Mimi nilikuwa nakandika vihenge kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Ninyi mnafunga mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na mikono yenu inabaki safi, hata mnaweza kula karanga katikati ya kazi. Lakini nimekaa nikafikiri, nikaona mmesema kweli. Mtu amevuna, anaogopa miezi ambayo haitakuwa na kitu, anakuita umsaidie kufungia chakula kisimtoroke. Hiyo ndiyo kazi, ya kwenu na ya kwangu.

Basi nitaandika. Shule nilifika darasa la nne nikatolewa kwenda kuchunga, kwa hiyo mahali herufi zitakapogongana mtanisamehe. Mahali maneno yatakapouma mnaweza msinisamehe, yatakuwa yameshaandikwa. Nililipwa nini sitawaambia, maana nililipwa kuku, mtama na samaki, na vyote vililiwa. Cheo hakikuwepo. Mkandikaji mzuri huitwa tena mavuno yanayofuata, mbaya haitwi. Nimeacha mwaka huu kwa sababu ya magoti. Kihenge kinataka uchuchumae ukikandika chini na upande ukikandika juu. Magoti yangu sasa yanakubali katikati tu.

Wengine wenu mmekulia Nyakato kwenye viwanda, kihenge mmekiona kwenye picha. Ni kikapu kirefu kuliko mtu, kimesukwa kwa fito, kimekalishwa juu ya mawe kisiguse ardhi, na juu kina kofia ya nyasi inayonyanyuliwa. Chini kabisa kina tundu dogo la kutolea nafaka, limezibwa kwa udongo. Kusuka ni kazi ya wanaume. Kukandika ni kazi yetu. Wanaume hujua urefu wa kihenge, sisi tunajua kina chake.

Niliolewa upande wa Misungwi nikiwa msichana mwembamba, na wembamba huo ndio ulionipa kazi. Shangazi wa mume wangu, Nyanzala, alikuwa mkandikaji wa vijiji vile vyote. Alikuwa amenenepa, na kihenge hukandikwa ndani kwanza, nje baadaye. Anayekandika ndani huingizwa kwa juu, kama unavyotumbukiza mwiko kwenye chungu. Alinitazama kuanzia mabegani mpaka kiunoni, mbele ya wakwe zangu, akasema, "Huyu ataingia." Sikuulizwa.

Siku hiyo ya kwanza niliteremshwa ndani ya kihenge kitupu na ndoo ya matope yaliyochanganywa na samadi. Kulikuwa na giza na joto, na harufu ilinifanya nisahau jina langu. Nilikuwa nagusa matope kwa ncha za vidole. Nyanzala alikuwa nje anagonga fito kwa kiganja.

"Umekufa humo?"

"Hapana, shangazi."

"Mbona sisikii mkono?"

"Nakandika, shangazi."

"Unapapasa. Mtoto mchanga ndiye anayepapaswa. Mikono yako inaogopa mavi ya ng'ombe, lakini ugali ulioula jana ulitoka kwenye kihenge kilichokandikwa kwa mavi hayohayo."

Nikabandika kiganja kizima. Nilipotolewa jioni mume wangu aliniambia nanuka zizi. Nikamwambia ng'ombe wake nao wananuka zizi na sijasikia akiwalalamikia. Nyanzala aliposimuliwa jibu hilo alisema sasa naweza kufundishika.

Alinifundisha kwa misimu mingi, na mengi aliyonifundisha hayana faida kwenu, lakini machache nitayaandika kwa kuwa sipendi yafe na mimi. Mavi ya ng'ombe aliyekula majani mabichi ni laini, yakikauka yanapasuka. Ya kiangazi yana nyuzi za majani makavu, na nyuzi hizo ndizo zinazoshika. Unachanganya na udongo wa kichuguu na majivu, unakanyaga mpaka matope yaache kung'ang'ania kisigino. Mkono wa kwanza uwe mwembamba. Uuache upasuke, usiogope nyufa, ni afadhali zijitokeze mbele yako kuliko zijitokeze baada ya kuondoka. Mkono wa pili unaziba nyufa. Wa tatu ni kusiriba tu kwa maji ya majivu, na huo ndio ambao wenye nyumba huusifia, maana ndio unaong'aa.

Pia alinifundisha kupiga kihenge kofi na kusikiliza. Kilichojaa kinajibu kwa ufupi. Kilichopungua kina sauti inayozunguka. Watu wengine wanalijua hilo. Posa ikija, utawaona shangazi za binti wanapita karibu na vihenge vya watu wanaotaka kuoa, mmoja anajikwaa, anaegemea kihenge kwa kiganja kama bahati mbaya. Hajajikwaa. Anasikiliza kama mtoto wao atakula. Niliwahi kumwona shangazi mmoja akijikwaa kwenye vihenge vitatu mfululizo, mpaka mzee mwenye mji, yaani kaya ile, akauliza kama ameletewa mgonjwa.

Na alinipa sheria moja aliyoirudia kuliko zote. Mkandikaji hana mdomo. Unaona akiba ya kila mji, unajua nani anajigamba na nani kweli anacho, lakini cha ndani ni cha mama mwenye nyumba. Ukitoka umenawa mikono, umenawa na macho. Nimeishika sheria hiyo. Kisa nitakachowaandikia hapa nimeruhusiwa na wenyewe.

Nyanzala alipochoka nikabaki peke yangu. Nilikwenda mpaka vijiji vya ziwani, ambako vihenge ni vichache na watu wanaweka akiba ya dagaa wakavu na udaga, yaani mihogo iliyovundikwa ikakaushwa. Mama mmoja mvuvi aliniita nimkandikie kihenge cha kuhifadhia dagaa, alikuwa ameona cha mtama akakipenda. Nilimwambia dagaa wanataka hewa. Akasema anayelipa ni yeye. Nikakandika vizuri sana. Baada ya hapo hakuna paka wa kijiji kile aliyelala nyumbani kwao, na walichimba kwa kucha mpaka fito zikaonekana. Nilipopita tena alikuwa anafugia kuku humo.

Baadaye akaja dumuzi. Kabla yake tulikuwa na fukusi, mdudu wa kawaida ambaye unampa majivu na majani ya mwarobaini anapunguza kiburi. Dumuzi hakuwa na heshima hiyo. Mahindi uliyoyafungia mazima ulifungua ukakuta unga, na si unga wa kupika. Kazi yangu ikabadilika, nikawa nawaambia watu wapukuchue kabla ya kuhifadhi, wasiweke na magunzi. Watu wengi zaidi wakarudi kwenye mtama, na kwenye michembe. Viazi vitamu tunavikata vipande vyembamba tunavianika juu ya majabali, na kwetu majabali hatujanyimwa. Jabali likishika jua la asubuhi, jioni michembe inalia ukiikanyaga. Kihenge cha michembe ndicho rahisi kukandika, lakini watoto hukijua haraka. Hakuna ukuta wa kumzuia mtoto anayejua michembe iko wapi.

Sasa nifike kwa Mama Shija.

Jina lake lilikuwa Kabula. Tuliolewa kijiji kimoja, miaka inayokaribiana, na tulikuwa tunataniana tangu tukiwa mabibi harusi tusiojua kuwasha moto wa watu. Aliachiwa mji na mumewe aliyefariki mapema, akalea watoto, na kwa ulimaji hakuna aliyemshinda. Nyumbani kwake kulikuwa na vihenge vitatu. Kimoja cha mahindi, kimoja cha michembe. Cha tatu kilikuwa karibu na mlango wake kabisa, cha mtama, na hicho alikiita cha watoto. Kila mavuno alinyanyua kofia, akamimina mtama mpya juu ya wa zamani, akaongeza majivu, akafunga. Tundu la chini lilikuwa halijafunguliwa tangu kilipojengwa. Na kila mavuno aliniita nikikandike nje, nje tu. Kwa kuwa hakikuwahi kuwa kitupu, ndani hapakuwa na mahali pa kuingia. Kilikuwa kizuri. Wageni walikisalimia kabla ya kumsalimia mwenyewe.

Ukafika msimu ambao mvua ilianza vizuri ikakatika. Mahindi yalifika magotini yakasimama hapo, yakawa manjano, yakawa makaratasi. Viazi vilikuwa mizizi mitupu. Kufikia kiangazi kila mji ulikuwa unakwangua. Vijana walikwenda Kirumba, pale Mwaloni, kubeba magunia ya dagaa, wengine wakarudi wamekonda kuliko waliobaki. Kwa Mama Shija kihenge cha mahindi kiliisha, cha michembe kikafuata. Walikuwa wanakula mara moja, jioni, ugali wa udaga wa kununua na mlenda.

Mkwe wake, Limi, mke wa Shija, alinikuta kisimani. Alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine anamshika sketi. Alipiga goti na ndoo yake mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo." Kisha akasema, "Siku ya mnada Shija anauza maksai."

Nikaweka ndoo chini. Shija alikuwa na maksai wawili wa kulimia, mmoja mweusi, mmoja wa kahawia, aliowafundisha mwenyewe. Mji usiokuwa na maksai kwetu hulima kwa mkono, na kwa mkono hulimi shamba, unalima bustani. Wakiuzwa, msimu ujao hata mvua ikinyesha hadi magari yazame, wao watakuwa wanaitazama tu.

"Wote wawili?"

"Wote. Mnunuzi anakuja nyumbani kesho kuwaona."

"Na kile kihenge cha mlangoni?"

"Nimemwomba mama. Shija amemwomba. Mama anasema hii siyo njaa. Anasema njaa yenyewe bado haijafika." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Mama, mimi sijui hiyo nyingine itafikaje kama hii siyo. Maziwa yamenikauka."

Sikumwahidi kitu. Mkandikaji hana mdomo. Lakini nilikuwa nimeshaitwa kwa Mama Shija wiki ileile, maana hata katika ukame ule alikuwa ameona ufa kwenye kihenge chake na alitaka uzibwe. Niliamka nikaenda kesho yake.

Nilimkuta mnunuzi ameshafika, mtu mnene aliyevaa buti za mvua katika kiangazi kile. Alikuwa anawashikashika maksai mbavuni. Shija alisimama pembeni na mikono mfukoni.

"Wamekonda," mnunuzi alisema. "Nikingoja mnada mmoja zaidi nitakuwa nanunua ngozi."

"Hata wewe ukinyimwa majani utakonda," Mama Shija akamjibu kutoka mlangoni. "Ingawa wewe itachukua muda."

Mnunuzi akacheka. Mimi nikaenda kwenye kihenge. Ufa niliuona, ulianzia chini ukapanda kama mti. Nikachuchumaa kutazama ulikotoka. Kihenge kilikuwa kimeinama upande wa nyumba. Kitako kimeoza, fito mbili zimekatika, na uzito wote umelalia jiwe moja. Nikapiga kofi. Kilijibu kwa ufupi, kama kilichojaa. Lakini mkono wangu ulihisi kitu ambacho sikukipenda. Mtama unarudisha kiganja. Kile kilikuwa kinakipokea.

Mama Shija akaja na ndoo yake ya maji. "Matope yako wapi, Mama Ndaki? Au umekuja kukisalimia?"

"Kinainama."

"Weka jiwe."

"Jiwe litakishika leo. Kitako kimeoza, mwenzangu. Kinatakiwa kimwagwe, kitengenezwe, kikandikwe ndani."

"Nilikuita ukandike nje."

"Nje sikandiki."

Akaweka ndoo chini polepole. "Umeanza lini kuchagua?"

"Leo. Kukandika nje kitu kilichooza chini ni kumpaka mtu mafuta wakati anatokwa na damu. Kikianguka watauliza nani alikikandika."

"Umekuja hapa na mikono au na meno? Maana naona kinywa ndicho kinachofanya kazi."

"Vyote ninavyo. Kwako wewe meno ndiyo yamekosa cha kufanya."

Wakati mwingine wowote tungecheka hapo. Hakucheka. Alimtazama Limi aliyekuwa anachochea moto chini ya sufuria yenye maji matupu, akarudisha macho kwangu, akajua kwamba nimeambiwa. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alikaa kwenye jiwe, pale pale chini ya kihenge, akaanza kusema kwa sauti ndogo, na Shija akasogea kusikia kwa sababu naye alikuwa hajawahi kuambiwa.

"Mama yangu alikuwa na kihenge kama hiki. Mimi nilikuwa mdogo kama huyo wa Limi mkubwa. Mvua ikakosekana, watoto tukalia mara moja, mara mbili, mama akafungua. Alikuwa na huruma. Tukala vizuri, tukawapa na majirani. Kumbe ule ulikuwa mwanzo tu, mvua ikakosekana tena. Mama akawa anapiga kihenge kofi kila asubuhi na kinamjibu kama ngoma. Mdogo wangu wa kiume tulimzika kabla ya mtama mpya." Akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Mama hakusema kitu, lakini maisha yake yote hakula akashiba tena. Mimi nikasema, nikipata mji wangu, sifungui njaa ya kwanza. Nitangoja ya pili."

Mnunuzi alitazama buti zake.

Nikamwambia, "Mama Shija, sikuambii ufungue ili mle. Hilo ni lako. Nakuambia kihenge kitaanguka. Kikianguka, kitajifungua chenyewe, na mvua ya kwanza itakula pamoja na kuku."

Akamwambia Limi alete jembe dogo na turubai. Alichukua jembe mwenyewe, hakumpa Shija, hakunipa mimi. Akagonga udongo wa tundu la chini mpaka ukamegeka.

Mtama unapofunguliwa unatiririka kama maji, na una mlio ambao mtu aliyewahi kuona njaa hausahau. Sisi tulisubiri mlio huo. Kilichotoka kilikuwa vumbi. Lilitoka taratibu, la kijivu, limechanganyika na majivu ya miaka yote, na ndani yake fukusi walikuwa wanatembea bila haraka, kama watu waliotoka nyumbani kwao. Mama Shija aliweka kiganja chini ya tundu. Kikajaa. Akakifungua, upepo ukachukua karibu chote.

Limi alianza kulia kimya kimya. Shija akasema neno moja kwa Kisukuma ambalo halisemwi mbele ya mama, na mama yake hakumkemea.

"Kofia," nikasema. "Tunyanyue kofia. Juu ni mtama wa juzi."

Tulileta ngazi, Shija akapanda, akaanza kuteremsha kwa ndoo. Wa juu ulikuwa umetobolewa lakini bado ni mtama. Tulipoteremka katikati ulikuwa nusu kwa nusu, ganda na punje. Tuliumwaga kwenye turubai, na wanawake wa miji ya jirani waliosikia ngazi ikiegeshwa wakaja na nyungo zao bila kuitwa. Tulipepeta mpaka jua likainama. Vumbi lilitufanya wote tufanane, wazee na mabinti. Mmoja akasema leo wote tumekuwa mabibi, na mwingine akasema afadhali wewe, mimi nimekuwa bibi tangu niolewe. Ndivyo watu wanavyofanya. Hata Mama Shija alitikisa kichwa kidogo.

Kile kilichosimama mlangoni miaka yote kama mtu mwenye mali kiliingia kwenye magunia machache. Lakini yalikuwa magunia yenye chakula. Mama Shija aliyatazama muda mrefu, ungo wake uko magotini.

"Mama yangu alifungua mapema," akasema. "Mimi nimechelewa. Sasa ni nani atakayefungua siku yake?"

Hilo swali nimelibeba tangu siku ile, na nitawaambia nilikolifikisha. Siku yake hakuna anayeijua. Ukingoja njaa ikupigie hodi ijitambulishe kwamba ndiyo yenyewe, utangoja mpaka hakuna wa kufungua mlango. Na ukifungua kwa kila kilio cha mtoto, utamaliza. Mvua na kilio visiachiwe kuamua. Kalenda ndiyo iamue. Mtama mpya unaingia, wa zamani unatoka, unaliwa au unauzwa, kila mwaka, hata mwaka wa shibe. Akiba isiyoguswa wapo wanaoigusa, ila hawana mikono.

Mnunuzi alikuwa bado yupo. Alikuwa ameshika ungo kama wengine, na alipepeta vibaya sana. Alipouliza kama biashara bado ipo, Shija alisema ipo. Ndipo Limi, ambaye sikuwahi kumsikia akisema mbele ya mkwe wake zaidi ya ndiyo mama, akasema, "Mmoja."

"Mmoja atalima na nani?" Shija akamuuliza. "Na wewe?"

"Mzee wa jirani naye alibakiwa na mmoja. Wafungwe pamoja. Mtama huu na bei ya ng'ombe mmoja vitatufikisha kwenye mvua."

Shija akamtazama mama yake. Mama Shija akamtazama Limi, kisha akasema, "Umesikia alivyosema."

Mweusi akaenda, wa kahawia akabaki. Msimu uliofuata mvua ilirudi, walifunga wa kahawia na wa jirani, mmoja mrefu mmoja mfupi, na matuta yao yalipinda mpaka watu wakauliza kama aliyelima alikuwa anamkimbia nyuki. Lakini matuta yaliyopinda yanaota. Baada ya mavuno Mama Shija aliniita. Kitako kilikuwa kimetengenezwa upya, kihenge kitupu, kimekaa wima. Nilikuwa nimeshaanza kunenepa, lakini niliingia.

"Umekwama?" akaniuliza kutoka nje.

"Bado."

"Ukikwama tutamimina mtama hivyohivyo. Utakuwa majivu."

Tundu la chini, tangu mwaka ule, lilifunguliwa na Limi kila mavuno, kabla mtama mpya haujaguswa. Mama Shija alifariki miaka kadhaa baadaye kwa uzee, ameshiba. Limi ndiye aliyeniruhusu kuandika haya. Alisema nisiache lile la maziwa kukauka, kwa sababu mnapozungusha mifuko yenu mnaongea sana na wenye ufunguo, na wenye ufunguo mara nyingi hawanyonyeshi.

Basi ninyi mnapofunga mfuko wa mtu, msifunge tu mkaondoka mkisifiwa. Muulizeni utafunguliwa lini na nani. Akisema "tutaona", kaeni chini, kazi bado haijaisha. Mifuko yenu ni mizuri kuliko vihenge vyangu, sibishani. Lakini mdudu hakuanza kwenye udongo, na hofu haizuiwi na plastiki.

Nyumbani kwangu sasa tuna mifuko hiyo, iko stoo, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Msimu uliopita mvua zilichelewa kidogo. Neema, mke wa mwanangu Ndaki, alikuja kuomba tufungue mfuko wa mwaka jana, na mimi nilikuwa nimekaa uani na magoti yangu, nikamjibu kabla sijafikiri. Nikamwambia tungoje kwanza, hali bado si mbaya. Akasema haya mama, akageuka kwenda zake. Alifika jikoni ndipo nikasikia nilichokisema.

Jumapili hiyo, tulipotoka kanisani, niliwaita wote uani, wakubwa kwa wadogo, nikavua ufunguo shingoni, nikatoa amri moja, na hakuna aliyeruhusiwa kuijadili:

"Neema, kuanzia leo stoo ni yako. Mahindi mapya yakikaribia kuingia, ya zamani yatoke yaliwe, mvua inyeshe isinyeshe. Na ukinikuta nimesimama mlangoni nakwambia tusubiri kwa kuwa shida yenyewe haijafika, niamkie, nisogeze pembeni, ufungue."